Dayodi Nne

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu aliyaona hayo mapema, akaifunga cherehani yake kwa kufuli na kuipandisha redio juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo hata kwa stuli nisingeifikia. Haikusaidia kitu. Nilipoajiriwa kuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya kampuni moja ya mkonge kule Raskazone, Tanga, wiki ya kwanza haikwisha kabla sijaipindua taipureta niliyopewa, matumbo juu, na kuanza kuzitazama springi zake moja moja.

Zilikuwa siku za hakuna. Sabuni hakuna, dawa ya meno hakuna, sukari kwa zamu. Ukitaka doti ya khanga uandikishwe na balozi wa nyumba kumi, kisha ukasimame foleni tangu alfajiri mlangoni mwa duka la ushirika. Ofisini nako hakuna ilikuwa na sura yake. Karatasi zilikwisha, tukawa tunapiga barua nyuma ya fomu za zamani. Halafu zikaisha riboni, ule utepe wenye wino ambao herufi za taipureta huugonga ili zionekane. Utepe ukikauka unaweza kupiga chapa asubuhi nzima na karatasi ikatoka nyeupe, ina vidonda tu.

Wenzangu wawili waliipokea hali ile kama likizo. Walisogeza viti dirishani wakawa wanasukana nywele. Mimi nilishindwa. Mikono ilikuwa inaniwasha. Nilichukua wino wa muhuri uliobaki kabatini, nikaiba mafuta ya mbarika ya mama, nikavikoroga kwenye kifuniko cha kopo na kuupitisha utepe wote humo kwa brashi ya viatu, kisha nikauanika kwenye kamba ya nguo. Mara ya kwanza barua zilitoka kama zimeandikwa na ngisi. Mara ya tatu zilitoka safi, na meneja akaniita kuniuliza riboni mpya nimeipata wapi, kwa sauti ya mtu anayeshuku magendo.

Hapo ndipo Fundi alipokuja kunitazama.

Ofisi nzima ilikuwa na fundi mmoja wa kila kitu: feni, simu, taa, taipureta, na ile mashine ya stensili ya kurudufia karatasi. Alikuwa mtu wa Pemba, mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, na alikuwa Tanga miaka mingi kuliko miaka yangu ya kuzaliwa. Karakana yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jengo. Zana zote zilining'inia ukutani kwenye misumari, na nyuma ya kila zana alikuwa amelichora umbo lake kwa mkaa, ili moja ikikosekana ukuta wenyewe umwambie.

Aliuvuta utepe wangu kwa kucha, akaunusa.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, baba. Nimejaribu tu."

"Mafuta umetia mengi. Vumbi litashika, herufi zitagandana, kisha utaniita mie."

"Basi niazime bisibisi ndogo, niwe nazisafisha mwenyewe."

Alinitazama kama nimemwomba jino. "Weye, chumvi nitakupa. Bisibisi sikupi."

Ndivyo nilivyoanza kujitafutia zana zangu. Bisibisi ya kwanza ilikuwa ile ya cherehani ya mama, siku aliyosahau kufunga kufuli. Kibano kilikuwa cha kung'olea nyusi. Pasi ya kulehemu niliitengeneza kwa kipande cha nondo ya shaba nilichokichomeka kwenye mpini wa mwiko na kukipasha juu ya jiko la mkaa. Risasi ya kuunganishia niliikwangua kwenye redio mbovu za majirani. Nilikuwa nazitembeza zana hizo kwenye kikapu cha ukindu, pamoja na chakula changu cha mchana, na mara moja niliwahi kuuma kipande cha risasi nikidhani ni mfupa wa samaki.

Lakini kitu nilichokitaka kwa roho yote kilikuwa testa, kile kipimo chenye mshale kinachokuambia umeme unapita wapi na umekwamia wapi. Bila testa unafungua mashine kama daktari asiye na masikio. Fundi alikuwa nayo moja, kubwa kama tofali, na hata yeye aliishika kwa kitambaa. Nilipata yangu kwa mwanamke aliyekuwa akipita njia za panya upande wa Horohoro, wakati huo mpaka umefungwa na kila kitu cha Mombasa kikija ndani ya magunia ya nazi. Nilimpa doti mbili za khanga, moja ya kwangu na moja ya mama. Ya mama sikuomba ruhusa.

Mama hakusema neno kwa siku tatu. Siku ya nne alisema, "Mwenzio kwa khanga angetafuta mume. Wewe umetafuta saa isiyosema saa ngapi."

Nilicheka, naye akacheka bila kutaka, yakaisha. Kisha ukaja msako.

Ilitangazwa kwamba walanguzi na wenye kuficha bidhaa watasakwa nyumba kwa nyumba. Mtaani kwetu Ngamiani watu walianza kufukia vitu uani. Jirani yetu alimwaga sabuni ya unga chooni, choo kikatoa povu siku mbili. Chochote cha nje kisicho na stakabadhi kilikuwa hatia, na testa yangu ilikuwa mpya, ya nje, na stakabadhi yake ilikuwa khanga iliyokwisha kuvaliwa na mwanamke mwingine.

"Kitupe," mama aliniambia. "Kitupe chooni sasa hivi."

Nilikifunga kwenye kitambaa, nikakiweka kikapuni chini ya mihogo ya kuchemsha, nikaenda nacho kazini nikihisi kila mtu barabarani anauona mshale wake. Nilikwenda moja kwa moja karakana. Nilimwamkia Fundi, "Shikamoo baba," na kabla hajamaliza kuitika nilikuwa nimeshamwekea testa mezani na kumweleza yote.

Hakunigombeza. Aliigeuza, akagusanisha nyaya zake mbili, akautazama mshale ukiruka na kurudi.

"Mwepesi," alisema. "Kuliko wangu."

Halafu akalala chali chini ya mashine ya stensili, akafungua kifuniko cha chini, akaiingiza testa humo na kukikaza tena kifuniko kwa skrubu nane. Wasakaji walipofika ofisini wiki ile waliingia mpaka karakana. Mimi nilikuwa dirishani kwangu napiga chapa maneno yasiyo na maana. Nilimsikia Fundi akiwaonyesha zana zake moja baada ya nyingine, hii ya nini, ile ya nini, imetoka wapi, nani aliinunua, taratibu, kwa sauti ileile, mpaka mmoja wao akasema, "Basi mzee, basi," wakatoka. Alikuwa na mke na watoto watano. Wangemkuta na kitu kile, wasingemuuliza ni cha nani.

Alinirudishia mambo yalipotulia. Alikuwa ameisafisha na kuitia betri, na sijui betri aliipata wapi. Tangu siku hiyo nilipohitaji bisibisi yake niliipata, ilimradi niirudishe ndani ya mchoro wake ukutani.

Miaka ikapita, mambo yakafunguka. Mpaka ulifunguliwa, biashara ikaruhusiwa, na vitu vikaingia kwa kasi iliyotutia kizunguzungu: redio kaseti, saa zinazolia, mashati ya mitumba, tochi za kila rangi. Mimi nilikuwa natoka kazini na kupita dukani hadi dukani, sinunui, nagusa tu. Nilitaka kujua ndani mna nini. Fundi yeye alikasirika. Watu walikuwa wakileta redio imekatika waya mmoja na kusema, "Acha tu, nitanunua nyingine." Aliwaambia kwamba hilo ni tusi, ila hakueleza tusi kwa nani.

Kampuni nayo ilikuwa inaumwa. Mkonge haukuwa na soko kama zamani, na wakubwa wa Dar es Salaam walikuwa wakija mara kwa mara na mikoba myembamba. Katikati ya ugonjwa huo, sijui kwa hesabu gani, ikaletwa kompyuta.

Ilikuwa kasha la rangi ya maziwa yaliyolala, skrini ndogo yenye maandishi ya kijani, kibodi, printa ya sindano iliyopiga kelele kama kuku wanaokimbizwa, na stabilaiza ya kutuliza umeme. Mtaalamu aliyekuja nayo alikaa siku mbili, akatufundisha kuiwasha na kuizima, akaondoka. Stabilaiza haikukaa hata mwezi. Meneja aliihamishia kwenye friji yake nyumbani.

Wenzangu waliiogopa. Mimi niliipenda mpaka ikawa aibu. Nilifika kazini kabla ya mlinzi kufungua geti. Programu ya kuandikia ilikuwa ndani ya disketi mbili, zile za plastiki nyeusi, nami nilinakili zote mbili na kuzificha nakala kwenye kopo la maziwa lisilopitisha unyevu, maana hewa ya bahari pale Raskazone ilikuwa inakula kila kitu. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma na kamusi magotini. Nilikuwa na daftari la shule ambamo niliandika kila amri niliyoipatia: hii inaorodhesha, hii inanakili, hii inafuta na haiulizi mara mbili. Hiyo ya mwisho niliipigia mstari mwekundu, baada ya kufuta barua za wiki nzima na kuzipiga upya zote kwa kumbukumbu.

Nilimwita Fundi aje aone. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Na hizo barua zimo humo ndani?"

"Zimo, baba."

"Ziko wapi?"

Nilijaribu kumweleza. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Taipureta ikifa naona ilipofia. Hii ikifa utaishika wapi?"

Hakurudi tena kuitazama. Na mimi, kusema kweli, nilipunguza kwenda karakana. Nilikuwa na haraka ya kujua na kule hakukuwa na jipya.

Siku moja ya Ijumaa asubuhi meneja aliniita, akafunga mlango. Alinipa mafungu ya makaratasi yaliyoandikwa kwa mikono ya watu mbalimbali.

"Panga majina haya yote kwa idara," alisema. "Jumatatu wakubwa wanakuja, wanataka kuyakuta kwenye karatasi safi ya kompyuta. Na halitoki neno nje ya mlango huu."

Yalikuwa majina ya watu wa kupunguzwa kazi. Ridandansi, tulivyoiita. Neno lilikuwa linazunguka mjini, kila kiwanda kilikuwa na yake. Nilikaa nikapiga. Walinzi. Madereva. Mmoja wa wale wenzangu wawili wa dirishani. Nilipofika idara ya matengenezo kulikuwa na jina moja tu, na idara ile ilikuwa na mtu mmoja tu.

Nilisimama. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Nilisoma karatasi yake tena nikitafuta kosa la herufi. Kisha nikalipiga jina lake, nikaihifadhi orodha ndani ya kompyuta, nikawaza niende msalani nikanawe uso kabla ya kuichapa.

Umeme ulikatika nikiwa msalani. Ukarudi kwa kishindo, taa zikawaka nyeupe kuliko kawaida, nikasikia mlio kama kofi. Nilipokimbia ofisini, kompyuta ilikuwa kimya na chumba kinanuka mpira ulioungua.

Meneja aliita Dar kwa simu. Mtaalamu hakuweza kuja wiki ile. Meneja alikaa kwenye kiti changu akiwa ameshika kichwa. Na hapa ndipo panaponisumbua mpaka leo, kwa hiyo nitapasema wazi: hakuna aliyeniomba kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, "Niachie funguo kesho. Nitaifungua niitazame."

Jumamosi asubuhi nilikuwa peke yangu kwenye jengo zima, testa mezani na bisibisi ya nyota mkononi. Nilifungua kasha la umeme lililo ndani ya kompyuta, sehemu inayopokea umeme wa ukutani. Fyuzi ilikuwa nyeusi. Nyuma yake kulikuwa na dayodi nne, vijipipa vidogo vyeusi vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Nilizipima moja moja. Zote zilikuwa zimekufa, zinapitisha umeme huku na huku kama mlango usio na komeo. Nilipima na mengine yote yaliyofuata. Yalikuwa mazima.

Kwa hiyo nilihitaji fyuzi moja na dayodi nne. Fyuzi nilikuwa nayo. Dayodi hazikuwepo dukani popote. Maduka yalikuwa yamejaa redio, ila hapakuwa na aliyeuza matumbo ya redio. Nilijua mtu mmoja tu aliyekuwa nazo, kwa sababu aliwahi kunionyesha. Kaka yake alimletea kutoka Pemba televisheni mbovu, naye alikuwa ameichambua na kuweka kila kipande kwenye makopo.

Nilikwenda nyumbani kwake Usagara, nikipanda baiskeli kama ninafukuzwa. Nilimkuta barazani ananyoa ndevu, kioo kimeegemezwa kwenye ndoo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Jumamosi hii?"

"Nina shida na dayodi nne. Za ile televisheni."

"Ile kompyuta imekufa?"

"Imepigwa na umeme jana."

Alifuta sabuni shavuni, akaingia ndani, akatoka na kopo. Alizichagua nne, akazipima kwa jicho kwanza, kisha akaninyooshea. Kabla sijazipokea aliuliza, "Mbona haraka yote hii? Mna nini ndani yake?"

Kinywa changu kilikuwa tayari kuliko moyo wangu. "Barua tu, baba. Za wakubwa."

"Haya." Alizidondosha kwenye kiganja changu. "Nivae shati twende wote? Nami nione inavyofunguliwa."

"Aa, usijisumbue. Ni kazi ndogo."

Alinitazama kidogo. Hakuna siku hata moja katika miaka yote ile niliyowahi kumkataza asitazame kazi yangu.

Nilirudi Raskazone. Nililehemu dayodi zile nne, nikatia fyuzi, nikarudisha kasha mahali pake. Nilipobonyeza swichi kompyuta ilitoa ule mlio wake mmoja mfupi, na maandishi ya kijani yakaanza kupanda kwenye skrini. Nilipiga makofi. Nilizunguka meza nikicheza peke yangu. Sitadanganya kwamba nilikuwa na huzuni wakati ule. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na orodha wala Fundi, palikuwa na mashine iliyokufa ambayo sasa ni nzima, na aliyeifufua ni mimi.

Kisha nikafungua faili. Orodha ilikuwa nzima, haikupotea hata nukta. Nilikaa nayo. Niliweza kuifuta, amri ilikuwa kwenye daftari langu, ina mstari mwekundu. Niliweza kung'oa dayodi moja na kumwambia meneja imeshindikana, na hakuna mtu Tanga nzima ambaye angenigundua, isipokuwa mmoja. Nilijiambia wataandika kwa mkono tu, haina tofauti. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Halafu nikawasha printa.

Jumatatu mchana orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Watu walisimama mbele yake, wanasoma kwa vidole. Mwenzangu wa dirishani alikaa chini palepale kwenye ngazi. Fundi alisoma akiwa amevaa miwani, akamaliza, akairudisha miwani kwenye mfuko wa shati. Alikuja hadi mlangoni kwangu. Aliitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Jumamosi ilikuwa hii?"

"Ndiyo, baba."

Aliondoka, na kupitia dirishani nilimwona akitoka karakana na makapu mawili. Baadaye nilikwenda kule. Ukuta ulikuwa mtupu, imebaki michoro ya mkaa.

Sikutulia tena. Nilikuwa natoka kazini alasiri natembea kwa miguu mpaka Usagara, nafika kona ya mtaa wake, nageuka. Siku nyingine nilifika mpaka mlango wa jirani yake. Mama aliona nimekonda akadhani ni mwanaume. Nilipomweleza alisema, "Testa yako ilikaa tumboni mwa mashine yake. Nenda ukaongee naye."

Nilikwenda. Alikuwa barazani palepale, mezani kwake kuna redio kaseti tatu zilizofunguliwa. Aliitikia shikamoo yangu. Hakunikaribisha kiti, nikabaki nimesimama kwenye jua.

"Nimekuja kuomba radhi, baba."

"Ya nini?"

"Orodha niliipiga mimi."

"Kazi yako kupiga chapa. Hiyo si ya kuombea radhi."

"Na kompyuta niliitengeneza mimi."

"Nayo hapana. Mashine ikifa mtu huitengeneza." Aliweka bisibisi chini. "Nilikuuliza mna nini ndani. Ukaniambia barua."

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa! Ungeniambia, nisingekupa. Ilikuwa haki yangu nisikupe, weye ukaninyang'anya."

"Lakini wangeandika kwa mkono, baba. Isingebadilisha kitu."

"Wangeandika," alisema. "Kwa mikono yao, na kwa vitu vyao."

Nilisimama pale mpaka mkewe alipotoka na kuniuliza kama nitakunywa maji. Nikanywa, nikaaga. Fundi alikuwa ameshairudia redio.

Mwaka uliofuata ulikuja mkumbo wa pili. Safari hii meneja hakuniita. Aliandika orodha kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi yenye mistari, ikabandikwa hivyohivyo na hakuna mkubwa aliyelalamika. Ilimchukua alasiri moja. Jina langu lilikuwa la tatu. Nililisoma, na kitu cha kwanza nilichofikiri si kwamba sina kazi. Nilifikiri: kumbe ingewezekana bila mimi.

Nilikodi chumba chenye mlango wa barabarani Ngamiani. Nilianza na taipureta, nikaongeza kutengeneza redio, kisha zikaanza kuingia kompyuta za maduka na za shule, zote zimeliwa na umeme au chumvi. Nilinunua pasi ya kulehemu ya kweli, ya umeme, na siku ya kwanza niliishika mpaka ikaniunguza. Mteja akileta mashine nilimuuliza mna nini ndani na anakitaka cha nini. Wengine walichukia. Mmoja alichukua kompyuta yake akaondoka, nami nilimwacha aende.

Kwa miaka miwili Fundi na mimi tulipishana barabarani kwa salamu tu. Kisha asubuhi moja akaja mwanamke mwenye duka la dawa, amebeba kompyuta kwenye toroli, akasema, "Nimetumwa na yule fundi wa redio wa Usagara. Amesema hii hajui kuishika, nije kwako." Nilimuuliza alisema nini kingine. Hakuna, alisema hilo tu. Wiki iliyofuata nilimpelekea Fundi mteja wa redio. Tukawa tunapelekeana hivyo, bila kuonana.

Alikuja mwenyewe mwezi wa Ramadhani, adhuhuri, biashara imelala. Alikuwa amezeeka, kofia ileile. Nilisimama, nikamwamkia, nikamvutia kiti. Alikaa, akazitazama zana zangu zilizotapakaa mezani, akashindwa kujizuia.

"Hata msumari huna wa kutundikia?"

"Sina utulivu wa kutundika, baba."

"Najua." Halafu akasema, "Nionyeshe. Orodha ile ilikaa wapi?"

Nilielewa anauliza nini. Nilichukua diski kuu iliyokufa, niliyoing'oa kwenye kompyuta ya shule moja, lile kasha zito linalohifadhi kila kitu mashine ikizimwa. Nilifungua skrubu zake nikampa. Ndani mlikuwa na sahani mbili za kung'aa, moja juu ya nyingine, na mkono mwembamba uliozifikia. Aliivaa miwani yake. Aliusogeza ule mkono kwa ncha ya kidole, ukaenda na kurudi juu ya sahani.

"Maandishi yako juu ya hizi?"

"Juu ya hizi."

"Hayaonekani."

"Hayaonekani kwa macho, baba. Mkono huo ndio unaoyasoma."

Aliinamisha kasha kwenye mwanga wa mlango, akalitazama ubavuni, chini, akatafuta palipounganishwa, akagusa kila skrubu. Alikaa nalo muda mrefu. Mimi nilikuwa nahangaika, nimeshafungua redio ya mtu na kuifunga bila sababu.

"Mie sikusahau," alisema hatimaye, bila kuinua macho.

"Najua, baba."

"Basi." Aliligeuza tena. "Hizi sahani zinazunguka kwa mota?"

"Kwa mota, ndiyo. Iko chini ya kile kifuniko."

Akaninyooshea mkono, kiganja juu, macho bado kwenye diski. Nikampa bisibisi.